Bei ya korosho tunaijua, ya debe la mahindi nani anaiandika?

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa korosho unapofunguliwa, gazeti lako huchapisha bei za mnada hadi shilingi ya mwisho: bei ya juu, bei ya chini, tani zilizouzwa na chama kikuu cha ushirika kilichouza. Ni kazi nzuri, na wakulima wa Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyamba huisubiri. Lakini korosho ghafi haisongwi ugali. Fedha yake ikishaingia mfukoni, sehemu kubwa inageuka kuwa unga, mchele, mafuta, dagaa na nyama, na bei za vitu hivyo gazetini tunaziona kwa nadra. Naomba nafasi nieleze kwa nini bei hizo zisomwe pamoja. Kwa maoni yangu, katika mikoa ya Mtwara na Lindi kinachoamua familia ile nini ni tarehe ambayo fedha inaingia, kuliko hata wingi wa mavuno.

Tuanze na kalenda yenyewe. Mahindi mengi tunayonunua huku yanatoka mkoa wa Ruvuma, yanakuja kwa lori kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, siku hizi lami tupu. Kule huvunwa kati ya Mei na Julai. Kwa hiyo debe linakuwa na bei ya chini kabisa Juni, Julai na Agosti, linaanza kupanda Oktoba, na kilele chake ni Januari hadi Machi, kabla mahindi mabichi hayajatoka. Sasa itazame fedha. Mnada wa kwanza wa korosho hufanyika Oktoba, na malipo yanawafikia wakulima walio wengi Novemba na Desemba. Januari kuna sare, madaftari na michango ya shule, halafu kulima na kupalilia. Machi ikifika, fedha ya korosho imekwisha.

Yaani mahindi yakiwa rahisi, mkulima wa uwanda wa Makonde, kule Newala na Tandahimba, hana kitu mfukoni. Fedha ikija, mahindi yameshapanda. Na mahindi yakiwa ghali kuliko wakati wowote, fedha imeshatoka. Shilingi elfu kumi ya Julai inanunua ugali mwingi kuliko elfu kumi ya Februari, na mkulima wa korosho karibu zote zake ni za Novemba.

Miaka hii Ramadhani nayo imeongeza uzito. Mwezi mtukufu unarudi nyuma kwa takriban siku 11 kila mwaka: mwaka 2024 ulianza katikati ya Machi, mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi, na unaendelea kuingia ndani ya Februari. Mahitaji ya muhogo, magimbi, viazi vitamu, nazi, tambi na sukari ya futari yanapanda palepale ambapo unga umeshapanda na mifuko imeshakauka. Mwaka 2011 Ramadhani iliangukia Agosti, wakati wa mahindi mapya. Ni waumini walewale na futari ileile, lakini leo mzigo ni mwingine kabisa.

Wapo watakaosema dawa ni bei nzuri ya korosho. Bei nzuri ni jambo la kupigania, na hakuna anayebisha. Lakini msimu wa 2018/19 ulitufundisha jingine. Msimu uliotangulia bei ilipita shilingi 4,000 kwa kilo kwenye baadhi ya minada. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za minada ya kwanza, na Novemba mwaka huo Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Kama bei, 3,300 haikuwa mbaya. Ila uhakiki ulichukua muda, na wapo wengi waliolipwa mwaka uliofuata. Bei nzuri iliyoandikwa kwenye stakabadhi haikununua hata kilo moja ya unga Desemba. Kwa muuza duka, mahitaji ni mtu aliyesimama mbele ya kaunta na fedha mkononi. Njaa peke yake, hata iwe kubwa namna gani, haimfanyi aagize lori jingine. Ndiyo maana soko linaweza kuwa na mahindi, na nyumba ya jirani ikakosa, bila mtu yeyote kuficha gunia.

Kangomba, yaani ununuzi wa korosho mitaani nje ya mnada, nayo naitazama kwa jicho hilo. Inazungumzwa kama tatizo la utoroshaji na ukwepaji wa stakabadhi ghalani (mfumo wa kupeleka korosho ghalani na kuiuza kwa mnada), na ni kweli ni kosa. Lakini angalia inapamba moto lini: kuanzia Agosti hadi mnada wa kwanza. Anayeuza korosho yake kwa bakuli, kwa bei ya kutupa, kabla haijadondoka mtini, mara nyingi ananunua unga wa wiki hiyo. Askari na vizuizi barabarani vinakamata magunia, ila hitaji la unga linabaki palepale.

Lindi kuna tofauti inayostahili kuangaliwa kwa makini. Nachingwea, Liwale, Ruangwa na Kilwa wanauza ufuta, na minada ya ufuta huanza karibu Mei au Juni na kuendelea hadi Julai. Fedha hiyo inakutana uso kwa uso na mahindi mapya ya bei ya chini. Kaya yenye ufuta kidogo inaweza kuweka gunia tatu ndani kabla bei haijageuka, wakati kaya ya uwandani yenye korosho nyingi inasubiri. Kwa hiyo ekari moja ya ufuta ina thamani kubwa zaidi ya chakula kuliko inavyoonekana ukihesabu shilingi za mwaka mzima kwa jumla. Wataalamu wa kilimo wanaowashauri wakulima wa korosho waongeze zao la pili wangewaeleza wazi kwamba sababu moja kubwa ni mwezi wa mauzo.

Mbaazi ni hadithi ya namna hiyo, na hapo ndipo biashara ya nje inapogonga mlango wa jikoni. Mbaazi huuzwa kati ya Agosti na Oktoba, miezi ambayo korosho bado. Mnunuzi mkubwa ni India. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei huku kwetu ikaporomoka vibaya. Mtu wa mjini asiyelima alifurahi, maana mboga ilishuka bei. Lakini Masasi na Nachingwea kaya moja ndiyo inayouza mbaazi na ndiyo inayokula mbaazi. Ikipoteza fedha ya Septemba, inapata nafuu ya mboga na inakosa unga wa kulia mboga hiyo. Ukisoma kwamba bei ya chakula fulani imeshuka, uliza kwanza kama wanaokula ndio wanaouza.

Sasa niingie jikoni, maana hapa ndipo wengi wanapokosea kusoma dalili. Unga ukipanda, watu hawapunguzi ugali kwa kiasi kilekile ambacho bei imepanda. Chukua kaya ya watu sita inayotumia kilo 60 za sembe kwa mwezi. Tuseme kilo ilikuwa 1,200, jumla 72,000. Bei ikifika 1,500, yaani imepanda kwa asilimia 25, kaya hiyo itajibana, lakini labda ishuke hadi kilo 54, pungufu kwa asilimia 10. Gawanya 10 kwa 25, unapata 0.4. Hicho ndicho wachumi wanachokiita unyumbufu wa mahitaji, na ukiwa chini ya 1 maana yake ni kwamba bei ikipanda, fedha inayotoka kwa ajili ya bidhaa hiyo inaongezeka ingawa kinachonunuliwa kimepungua. Kilo 54 kwa 1,500 ni 81,000. Hiyo 9,000 ya ziada inatoka wapi? Kama bajeti ya chakula ni 120,000, mboga na vingine vilivyokuwa na 48,000 sasa vinabaki na 39,000. Hapo mboga imekatwa karibu asilimia 19 ingawa yenyewe haikupanda bei hata senti.

Kwa hiyo ukitaka kuona unga umepanda, usiangalie sufuria ya ugali. Angalia dagaa, mafuta, nazi, maharage, maziwa ya mtoto. Ugali utakuwepo mezani, watu watashiba, na mtoto wa miaka miwili atakuwa anakula ugali na mchuzi wa chumvi. Mganga wa zahanati ataliona jambo hilo kwenye kadi ya kliniki miezi mitatu baadaye.

Kuna utafiti uliofanyika China, katika jimbo la Hunan, uliochapishwa mwaka 2008 na Robert Jensen na Nolan Miller. Familia maskini zilipewa punguzo la bei ya mchele, ambao ndio chakula chao kikuu. Badala ya kununua mchele mwingi zaidi, zilinunua mchele pungufu, na fedha iliyookolewa ikaenda kwenye vyakula vingine. Wenye maghala wakiona mahindi ya bei nafuu hayagombaniwi kama walivyotegemea, wasiseme watu hawana shida. Huenda nafuu hiyo imekwenda feri kununua samaki, na huko ndiko ilikohitajika.

Uwanda wa Makonde una njia yake ya kujinusuru, nayo ni muhogo. Sembe ikipanda, watu wanarudi kwenye makopa, yaani muhogo mkavu, makaka kama tunavyoyaita huku, na ming'oko, viazi vya porini, inaonekana zaidi barabarani. Lakini muhogo nao haubaki na bei ya jana. Mahindi yakipanda, makaka yanafuata baada ya wiki chache kwa sababu wateja wamehamia huko. Na aliyekuwa anakula makaka tangu mwanzo kwa kuwa hakumudu sembe hana pa kuhamia. Ofisa anayepima bei ya mahindi peke yake hatamwona mtu huyo kamwe.

Mfumuko wa bei unaotangazwa kila mwezi nao una mipaka yake. Katika kapu la taifa, yaani orodha ya bidhaa zinazopimwa, ambalo mwaka wake wa msingi ni 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Linganisha na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, ambao uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na wa chakula peke yake 33,748. Gawanya: chakula ni shilingi 68 katika kila 100. Chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine visiguswe, kapu la taifa litasogea kwa asilimia 2.8, na mtu aliye kwenye ule mstari gharama zake zitasogea kwa 6.8. Takwimu zote mbili ni sahihi, zinapima watu tofauti. Mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel aliliona jambo hili tangu mwaka 1857: kadiri kipato kinavyokuwa kidogo, ndivyo sehemu kubwa zaidi yake inavyoliwa. Kijiji cha Newala Februari kiko upande ule wa mizani, na kijiji hichohicho Desemba kiko upande mwingine. Desemba utaona wali siku za kazi, kuku wamepanda bei, soda kreti kwa kreti. Watu ni walewale. Kilichobadilika ni mwezi.

Niseme kidogo kuhusu njia, kwa sababu si kila chakula kinakuja kwa barabara moja. Mahindi, maharage na dagaa nyasa vinatoka magharibi, njia ya Songea. Mafuta ya kula, ngano, sukari na sehemu ya mchele vinatoka Dar es Salaam kupitia Kibiti na Kilwa. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake vilipokata barabara ya Dar es Salaam kule Somanga, kilichoguswa kwanza ni kundi hili la pili. Anayejua bidhaa imepita njia ipi anajua ipi itapanda na ipi haina sababu ya kupanda, na anaweza kumbana muuzaji anayepandisha sembe ya Songea kwa kisingizio cha maji ya Somanga. Mafuta ya kula yana njia ndefu zaidi, hadi Indonesia na Malaysia yanakotoka mawese. Indonesia ilipozuia kuuza mawese nje, kuanzia tarehe 28 Aprili hadi 23 Mei 2022, tayari vita vya Ukraine vilikuwa vimebana alizeti na ngano. Mwanamke anayekaanga mihogo mjini Mtama, Lindi, hana namna ya kuyakwepa hayo, ila gazeti linaweza kumjulisha mapema.

Mhariri, kabla ya pendekezo niseme namna bei inavyojificha, kwa sababu hata wanaoiandika mara nyingi wanaikosa. Nenda soko la Mkuti, Masasi, simama mbele ya meza ya dagaa. Fungu ni 500. Rudi baada ya miezi mitatu: fungu ni 500. Ukiandika kwenye daftari, bei haijabadilika. Lakini fungu la kwanza lilikuwa limerundikwa hadi dagaa wa juu wanateleza, na la sasa limetandazwa, wakubwa juu, wamepangwa vichwa upande mmoja ili lionekane pana, na katikati unaliona sinia. Muuzaji hana hila mbaya. Mteja wake ana sarafu ya 500, hana 650, kwa hiyo kinachosogea ni kiasi. Nyanya zilikuwa tano, sasa nne. Andazi la 200 linafanana na la zamani kwa upana, likate uone ndani ni hewa. Mafuta ya kupima ni hivyohivyo, na hapo kuna adhabu ya ziada kwa asiye na fedha: tuseme lita ni 5,000, na kipimo cha mililita 50 ni 300. Vipimo 20 ndivyo lita moja, na 20 mara 300 ni 6,000. Anayenunua kidogo kidogo analipa asilimia 20 zaidi ya anayenunua lita, kila siku.

Debe nalo lina yake. Debe zima la mahindi makavu hubeba karibu kilo 18. Lililobonyezwa kitako au tumbo linapungua kilo nzima na zaidi bila macho kuliona, na anayenunua kwa mkulima kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, anauza kwa debe la namna hiyo. Kwa hiyo bei yoyote isiyopimwa kwa kilo ni nusu ya habari.

Sasa pendekezo langu, ambalo nalielekeza kwa vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, yaani AMCOS, na vyama vikuu vyao. Vinunue mahindi Julai kwa ajili ya wanachama, vilipwe kutokana na malipo ya korosho. Hesabu yake ni hii. Kaya ya watu sita inatumia kama kilo 2 za dona kwa siku. Novemba hadi Machi ni siku 151, yaani kilo 302 za unga. Dona haipotezi sana mashineni, hivyo inahitaji mahindi kama kilo 318. Chukua madebe 18, ambayo ni kilo 324. (Kwa sembe ingehitajika zaidi ya kilo 400, kwa kuwa kukoboa kunaondoa karibu robo. Ni sababu nyingine ya kula dona.) Tuseme debe Julai ni 9,000: jumla 162,000. Kaya ileile ikinunua mwezi kwa mwezi kwa wastani wa 13,000, inalipa 234,000. Tofauti ni 72,000. Toa mifuko minne ya kuhifadhia isiyopitisha hewa kwa 5,000 kila mmoja, inabaki 52,000.

Kisha riba, na hapa ndipo mpango unaposimama au kuanguka. Mkopo wa 162,000 kuanzia Julai hadi malipo ya Desemba ni miezi mitano. Kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi ni 16,200, na mkulima anabaki na faida ya 35,800. Kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, inayotozwa na vikundi na wakopeshaji wengi wa mitaani, ni 81,000, na mkulima amepata hasara ya 29,000. Kwa hiyo mwanachama mmoja mmoja akikopa mtaani ili aweke mahindi, ni afadhali asifanye. Chama chenye historia ya mauzo mnadani na dhamana ya korosho ndicho kinachoweza kupata riba ya kwanza. Wanachama 300 wanahitaji tani 97, yaani malori matatu makubwa ya tani 30 na kidogo zaidi. Lori zima linapunguza gharama ya usafiri kwa gunia na mahindi yananunuliwa kwa kilo, kwenye mizani, bila debe wala lumbesa.

Yanayoweza kuharibu mpango huu nayajua, na yasemwe mapema. La kwanza ni unyevu. Wauzaji wa mwanzo wa Juni wana haraka na mahindi yao hayajakauka. Yasipokelewe yakiwa na unyevu unaozidi asilimia 13.5. Kipimo cha haraka ni chupa kavu ya glasi: weka mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika moja au mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye glasi, mahindi yana zaidi ya asilimia 15, yarudishwe kwenye turubai. Chumvi isipoganda, bado haijathibitika kuwa yako chini ya 13.5, kwa hiyo kwa mzigo wa tani 97 chama kiazime au kinunue mashine ya kupima unyevu. Mahindi yasiyokauka yakifungiwa kwenye mfuko usiopitisha hewa yanavunda na yanaweza kuota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kupikwa.

La pili ni mfuko wenyewe. Ile mifuko ya tabaka tatu inaua dumuzi na fukusi kwa kuwanyima hewa, bila dawa yoyote, lakini tundu la sindano linatosha kuharibu kazi. Mahindi yapepetwe kwanza, maana kipande cha gunzi au kijiti kinatoboa. Jaza huku ukitikisa, kamua hewa yote, sokota mdomo wa tabaka la ndani, ukunje na uufunge kwa kamba, kisha la pili, kisha la nje. Pandisha juu ya mbao, mbali na ukuta, na ziba njia za panya. Fungua mmoja uutumie hadi uishe. Wanaofungua mfuko kila siku mbili na kuufunga tena ndio wanaolalamika kwamba haifanyi kazi.

La tatu ni uaminifu. Makato ya mahindi yaonekane kwenye hati ya malipo ya mkulima kwa mstari wake, kilo ngapi kwa bei gani, na yasichanganywe na makato mengine. Mwanachama achague mwenyewe Mei kama anataka magunia mawili, matatu au hataki kabisa, kwa saini. Mwenye muhogo wa kutosha asilazimishwe. Na mzigo ugawiwe Agosti, uende majumbani. Ukibaki ghala la chama hadi Januari, bei ikiwa juu, kishawishi cha kuuuza kitakuwa kikubwa kuliko uwezo wa kamati nyingi kukizuia.

La nne ni kwamba mwaka mmoja mmoja bei ya Februari haitapanda kama ilivyotegemewa, kwa mfano Serikali ikizuia mahindi kwenda nje kama ilivyofanya Juni 2017, au ikifungua maghala ya hifadhi. Mwaka huo mwanachama hatapata faida ya fedha. Atakuwa na chakula ndani, na ajulishwe tangu mwanzo kwamba hilo linawezekana.

Mkutano wa kuamua haya lazima ufanyike kabla ya mwisho wa Mei, kwa sababu kutafuta mkopo, kutuma watu Songea na kupata lori kunakula wiki sita.

Kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Chapisha kila wiki kisanduku cha bei za vyakula kutoka Mtwara mjini, Masasi, Newala, Nachingwea na Lindi mjini, mwaka mzima. Bidhaa nane zinatosha: mahindi, sembe, makaka, mchele, maharage au mbaazi, dagaa, mafuta ya kupima na nazi. Zote kwa kilo au lita, isipokuwa nazi. Mwandishi anunue mafungu matatu ya dagaa kwa wauzaji watatu, ayapime kwa pamoja na kugawa. Akipima dagaa wa baharini aandike pia kama ni giza au mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa taa hupata kidogo mwezi ukiwa mpevu, na bei ya wiki hiyo isilinganishwe na ya wiki ya giza. Siku ya kupima iwe ileile kila wiki, asubuhi, kabla mafungu ya jioni hayajashushwa bei. Na msimu wa korosho ukifika, chini ya bei ya mnada ongeza mstari mmoja: kilo moja ya korosho leo inanunua kilo ngapi za mahindi Newala.

Kazi hiyo haihitaji zaidi ya mizani ya jikoni ya kilo tano na daftari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mfuatiliaji wa masoko ya chakula,
Masasi, Mtwara